Gofu Limetoka Kama Kadi ya Posta: Kutafuta Kasoro Kuanzia Ukutani Hadi Kwenye Skrini

Malalamiko ni yale yale. Mtu amekwenda kupiga picha magofu ya pwani ya Kenya, Gede karibu na Malindi, au amevuka maji hadi Takwa kisiwani Manda, amerudi na picha mia mbili na hata moja haisisimui. Alipokuwa pale, nywele zilimsimama; kwenye skrini anaona tangazo la utalii. Anafungua programu ya kuhariri, anapunguza mwanga, anamwaga buluu, anazungushia weusi pembeni. Anachopata ni picha ya mchana iliyopakwa masizi.

Kabla ya kugusa chochote, fanya jaribio hili. Fungua faili ya RAW (ile ghafi, isiyobanwa wala kuhaririwa) kama ilivyotoka kwenye kamera, ondoa rangi zote, kisha ipunguze hadi iwe na ukubwa wa stempu. Mwanga unatokea upande gani? Ukiweza kuonyesha kwa kidole bila kusita, kasoro iko kwenye uhariri na faili inaokoleka. Ukisita, kasoro ilianzia kwenye gofu lenyewe, na hakuna programu itakayokutengenezea kivuli ambacho ukuta haukukitoa. Mara nyingi huwa ni hili la pili, ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu ni ya kule nje.

Dalili: ukuta umetoka bapa, mweupe, hauna hofu

Sababu ya kwanza ni jua. Lamu iko nyuzi 2 na kitu kusini mwa ikweta, Malindi 3 na kitu. Katikati ya Machi na mwisho wa Septemba hadi mwanzo wa Oktoba, jua la adhuhuri linapita utosini kabisa, na hata miezi mingine halishuki sana. Mwanga unaotoka juu hautofautishi jiwe na shimo. Saa 2 asubuhi ukuta wa mita 2 hutoa kivuli cha kati ya mita 3 na 5, kutegemea mwezi. Saa 6 mchana kivuli hicho hicho kimejikunja chini ya ukuta kama paka. Kwa hiyo nje piga kabla ya saa 2 na nusu asubuhi au baada ya saa 10 jioni. Saa za katikati ziache kwa ajili ya ndani ya vyumba.

Sababu ya pili haisemwi sana, na ndiyo inayowachosha watu wa Lamu. Nyumba zetu ni za mawe ya matumbawe yaliyopigwa chokaa. Hata gofu lililokaa miaka bila paa, mabaki ya lipu ya chokaa hurudisha mwanga kwa nguvu. Ukuta wa kulia unapigwa na jua, unaurusha mwanga kwenye ukuta wa kushoto, nao unaurudisha. Kivuli kinajazwa kabla hujabonyeza shata. Dawa yake ni kitambaa cheusi. Chukua kipande cha kitambaa cha buibui, mita 2 kwa mita 1 na nusu, kile kizito kisichong'aa. Kitundike au kishikiwe upande wa ukuta unaorudisha mwanga, nje kidogo ya fremu, karibu kadiri inavyowezekana. Tazama kwenye skrini ya kamera wakati mwenzako anakisogeza: upande ule unaanza kuzama, na matundu ya lipu yanajitokeza moja moja. Ukipiga picha moja yenye kitambaa na moja bila, hutahitaji maelezo zaidi.

Sababu ya tatu ni pale uliposimama. Nyumba ya kale ya Kiamu, yaani ya Lamu, imepangwa kwa ngazi za mwanga. Unatoka daka (kibaraza cha mlangoni), unapita tekani (ukumbi mdogo wa kuingilia), unafika kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi juu, kisha kumbi mbili ndefu, msana wa tini na msana wa yuu, halafu ndani. Kila hatua mwanga unapungua na sakafu inapanda kidogo. Wapigaji wengi husimama kiwandani, penye mwanga, wakaelekeza kamera ndani. Hapo mwanga uko mgongoni mwao na kila kitu kinatoka bapa. Geuza. Simama kwenye ukuta wa mwisho, elekeza kamera kiwandani, na vyumba vyote vitajipanga mbele yako kutoka weusi hadi weupe. Au, kama unachotaka ni ukuta wa vidaka, vile vijishimo vya ukutani vya kuwekea vitu, simama msanani kwa pembeni ili mwanga wa kiwandani uupitie ukuta ubavuni. Kila kidaka kitabeba kivuli chake nusu, na macho ya mtazamaji yatakwenda yenyewe kutafuta kilichomo kwenye ile nusu nyingine.

Kanuni hiyo ya ubavu ndiyo inayofanya kazi kwenye maandishi. Kaburi lenye tarehe pale Gede, la mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399, lina maandishi ya Kiarabu yaliyochorwa kwenye lipu. Ukilipiga kwa mwanga wa mbele, utaona lipu kuukuu tu. Shika tochi pembeni, karibu ilale sambamba na ukuta, kama nyuzi 10 hadi 15, na mikwaruzo inageuka herufi. Tochi ndogo yatosha, na hakuna haja ya kugusa kitu.

Dalili: mlango umeungua mweupe, chumba ni shimo jeusi

Kamera haina kosa. Tofauti ya mwanga kati ya ua wenye jua na chumba cha ndani ni kubwa kuliko uwezo wa kihisio chake. Kuna njia tatu, na tunazipanga kwa mfuatano wa uzuri, kwa maoni yetu.

Bora ni kusubiri. Karibu na ikweta machweo hayakawii: tangu jua kuzama hadi utakapohitaji tochi ya kutembelea ni kama dakika 20 hadi 25. Ndani ya muda huo kuna dakika chache ambapo mwanga wa nje unakuwa sawa na ule mdogo wa ndani, na mlango unageuka buluu ya kina badala ya doa jeupe. Adhana ya magharibi ndiyo kengele yako. Kufikia hapo tripodi iwe imesimama, fremu imepangwa, fokasi imefungwa. Hesabu dakika 8, anza kupiga, na endelea kila dakika moja hadi dakika ya 20. Anza na f/8 (upana wa tundu la lenzi), ISO 200 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), shata ya sekunde 2, na ongeza muda wa shata giza likizidi. Ukichelewa kuanza kupanga vyombo hadi adhana iishe, umekosa, kesho tena.

Njia hii haifai pale ambapo geti hufungwa jioni, na maeneo yaliyo chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, kama Gede, hayakai wazi usiku. Kwa hayo tumia njia ya pili: ufiche mlango. Sogea hatua moja kando hadi nguzo au ukingo wa ukuta ukate theluthi mbili za uwazi ule. Unabaki na ufa wa mwanga, ambao hata ukiungua kidogo hausumbui, kwa kuwa mtu anatarajia ufa uwe mkali.

Njia ya tatu ni kupiga picha kadhaa za mwanga tofauti na kuziunganisha. Kamera kwenye tripodi, f/8, ISO 100, picha tano zinazopishana stopu 2 (kila stopu ni mwanga maradufu au nusu): kwa mfano 1/60, 1/15, 1/4, sekunde 1 na sekunde 4. Usiiache programu iziunganishe yenyewe kwa HDR. Kazi ya HDR ni kufanya kila kona ionekane, na kona ikionekana yote, hofu imekwisha. Chukua ile picha ambayo chumba kiko gizani kiasi unachokitaka iwe msingi, kisha toa mlango tu kutoka kwenye picha nyeusi zaidi, uubandike kwa barakoa ya programu (eneo unalolichagua ili mabadiliko yaishie humo) yenye kingo laini za pikseli 30 hadi 60. Ukiona mng'ao mweupe unazunguka fremu ya mlango, kingo zako ni kali mno au picha mbili ulizochagua zimeachana kwa zaidi ya stopu 4.

Dalili: kila kitu kina ukijani, au kuta zimekuwa za zambarau

Hii ni ya Gede hasa. Mji ule umekaa chini ya miti mikubwa, na mwanga unaofika ukutani umechujwa na majani. Kamera ikiachiwa mizani ya weupe (mpangilio unaofanya cheupe kitoke cheupe) ya kujipangia, fremu moja inatoka kijani, inayofuata inajirekebisha kupita kiasi na jiwe linageuka zambarau. Beba kadi ya kijivu, ipige picha mara moja pale pale ukutani, na uifunge mizani kwa kadi hiyo kwa picha zote za sehemu ile. Ukihamia penye uwazi, piga kadi tena.

Kwenye uhariri, usipambane na kijani kwa kumwaga buluu kwenye picha nzima. Jiwe la matumbawe lina rangi ya maziwa yaliyochacha, lina ujoto kidogo. Ukilizamisha lote kwenye buluu unapata bwawa la kuogelea. Ishughulikie rangi yenyewe: kwenye vitelezi vinavyofika 100, kijani punguza ukolezi kwa 40 hadi 60 na mwangaza wake kwa 20, manjano punguza ukolezi kwa 25 hivi. Joto la rangi liache pale kadi ya kijivu ilipoliweka. Mwisho weka buluu kidogo sana kwenye vivuli peke yake, ukolezi usizidi 10, na ujoto wa 5 kwenye sehemu angavu. Majani yanakuwa ya kijivu chenye ugonjwa, ukuta unabaki na rangi ya mfupa.

Dalili: maduara meupe yanaelea hewani

Kuna wanaoziita picha hizi ushahidi. Ni vumbi. Flashi iliyo juu ya kamera inaiangazia kila chembe iliyo sentimita chache mbele ya lenzi. Chembe hiyo iko nje ya fokasi, kwa hiyo inavimba na kuwa duara. Kwenye gofu lenye popo, hewa imejaa. Pwani ongeza matone ya chumvi na unyevu. Majini, kama yapo, hayajajitokeza kwa umbo la sarafu.

Zima flashi. Ukihitaji mwanga wa kuongeza, paka kwa tochi: kamera kwenye tripodi, f/8, ISO 200, shata wazi sekunde 15. Simama nje ya fremu, nyuma ya ukuta au kwenye mlango wa pembeni, na uipitishe tochi ukutani kwa mwendo usiokoma, kama mtu anayefagia. Ukisimama mahali pamoja hata sekunde moja utapata doa. Tochi za LED za bei rahisi zina mwanga wa baridi mno. Karatasi ya plastiki ya chungwa hafifu, au hata ganda la peremende la rangi hiyo, huufanya uwe kama wa kandili. Mwanga utoke chini au ubavuni. Ukitoka pale ilipo kamera umerudi kwenye flashi.

Popo wenyewe usiwamulike wakiwa wamelala. Na chumba chenye kinyesi chao kikavu, ingia na barakoa ya N95, kwa kuwa vumbi lake huweza kubeba kuvu inayoshambulia mapafu. Kitambaa cha kufunga mdomo hakizuii.

Dalili: picha ina utando wa maziwa

Hapa tofautisha mambo matatu, kwa kuwa dawa ya moja ni sumu ya jingine. Mulika lenzi kwa tochi kutoka nyuma na uitazame kwa pembeni.

Ukiona ukungu sawasawa unaopungua huku unatazama, ni mvuke. Kamera imelala chumba chenye kiyoyozi, umeitoa nje kwenye joto na unyevu, na matone ya maji yametanda juu ya kioo. Usifute. Ipe dakika 20 hadi 30. Mara nyingine, kabla ya kutoka chumbani, ifunge ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, na uufungue tu kamera ikishapata joto la nje. Ukipanga kupiga alfajiri, itoe kwenye chumba cha kiyoyozi tangu usiku.

Ukiona michirizi na madoa madogo kwenye kioo cha mbele, ni chumvi ya safari ya boti. Ukifuta ikiwa kavu, umekisugua kioo kwa msasa. Puliza kwanza kwa puto la mpira, dondosha dawa ya lenzi kwenye kitambaa, si kwenye kioo, lowesha, subiri kidogo, kisha futa kwa mzunguko kutoka katikati. Kwenda Takwa, kamera ibaki mfukoni hadi utie mguu nchi kavu. Na ulize nahodha kuhusu maji kabla ya kuahidiana saa: mkono wa bahari unaoingia kule umezungukwa na mikoko, maji yakipwa chombo hakifiki karibu, na hasa siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, unaweza kujikuta unangoja maji yajae na mwanga wako mzuri umeshapita.

Ukiona nyuzi nyembamba ndani ya lenzi, kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, na haifutiki na wewe. Mpelekee fundi mapema, kwani ikikaa inakula rangi ya kinga ya kioo. Kinga yake ni sanduku la plastiki linalofunga vizuri, pakiti za silika (za kunyonya unyevu) za gramu 100 hivi, na kipimo cha unyevu kinachosoma kati ya asilimia 40 na 50. Msimu wa masika silika hushiba haraka. Zile zinazobadilika rangi hukuambia zenyewe.

Dalili: jengo linaangukia nyuma

Umeinua lenzi pana juu. Ndani ya nyumba za Lamu huna pa kurudi nyuma: upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti za mikoko, kwa hiyo ni vyumba virefu vyembamba, mita 3 au chini ya hapo. Shusha tripodi hadi kimo cha mita 1.2, lenzi itazame mbele sawa, na kata baadaye sakafu iliyozidi. Kwenye nyumba ya namna hii lenzi ya milimita 20 hadi 24, kwa kamera ya fremu kamili, inatosha. 14 inavuta pembe hadi chumba cha marehemu kinafanana na ukumbi wa harusi.

Lakini kabla ya kuinyoosha kwenye programu, jua kama ukuta wenyewe umesimama. Gofu nyingi zimeinama. Funga kokoto kwenye uzi wa mita moja, ining'inize ndani ya fremu kama timazi ya fundi, piga picha moja nayo, kisha itoe upige ya kweli. Nyumbani nyoosha kwa kuufuata uzi. Uzi ukiwa wima na ukuta bado unaegemea, uache uegemee. Ndicho kitu ulichofuata.

Kwa kuwa tumeitaja boriti: huoza mapema pale inapoingia ukutani, mahali ambapo jicho halifiki, nayo imebeba dari nzito la mawe na chokaa. Orofa ya juu ya nyumba iliyohamwa usiipande kwa sababu ya picha. Wala usikae chini ya ukuta ulio wazi baada ya mvua kubwa.

Dalili: watu na kima kwenye kila fremu

Tangu Gede iingizwe kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024, usitegemee kuipata tupu. Fika geti linapofunguliwa. Au tumia kichujio cheusi cha stopu 10: chini ya miti, kwa f/8 na ISO 100, shata ya 1/15 inakuwa zaidi ya dakika moja, na anayetembea hafiki kwenye picha. Anayesimama kupiga selfi atafika, kwa kivuli tu, na pengine ukaipenda. Majani nayo yanakuwa moshi. Upepo wa kusi ukivuma, ning'iniza mkoba kwenye tripodi, uguse ardhi kidogo ili usiyumbe. Kwa ajili ya kima, ficha chakula. Hawana subira ya shata ndefu.

Dalili: mwanga ni sahihi, rangi ni sahihi, bado haitishi

Tazama kama kuna mtu aliyeondoka. Ukuta peke yake ni jiwe. Kinachotia ubaridi ni alama kwamba pale watu waliishi na wakaacha kurudi: mdomo wa kisima, birika kavu la kutilia udhu, kidaka kilichobaki na masizi ya taa, ubao wa mlango uliochongwa na umeng'oka bawaba moja, mzizi ulioingia kupitia dirisha na kutokea mlangoni. Chagua kimoja. Kiweke penye ile ncha ya mwanga na uache vingine vizame.

Usilete vitu kutoka nyumbani. Mwanasesere mwenye jicho moja kwenye kiti cha magurudumu ni hofu ya kuazima. Mtoto wa Pate au Mambrui hakuogopeshwa navyo. Huku tuliambiwa tusipite chini ya mbuyu magharibi, tusichungulie kisima, tusijibu tukiitwa mara moja. Mlango ulio wazi nusu gizani unamtosha msomaji wa pwani, hana haja ya mwanasesere. Na usihamishe kilichopo, hata kigae: magofu haya yanalindwa na Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006, na kipande kikishaondolewa mahali pake hakina cha kusimulia.

Misikiti iliyohamwa na makaburi yana adabu yake. Takwa ni mahame, lakini watu wa Shela bado huenda kuomba dua huko. Usimlaze mtu juu ya kaburi, usiingie kibla na viatu vyenye matope. Nyumba za mjini nazo, hata zikiwa hazina paa, zina wenyewe. Pengine wako Mombasa, pengine ni wakfu. Piga hodi kwa jirani kwanza. "Shikamoo mzee. Gofu hili la nani? Tungependa kupiga picha ndani, tukipata ruhusa." Mara nyingi utapewa ruhusa na juu yake utaambiwa ni chumba gani ambacho hakuna mtu aliyelala tangu fulani afariki, na hapo ndipo pa kuweka tripodi. Kazi ya biashara au droni ni jambo jingine: ya kwanza inahitaji kibali cha Makumbusho, ya pili cha mamlaka ya usafiri wa anga.

Dalili zinazozaliwa kwenye uhariri

Hapa faili yako ni nzuri na wewe ndiye unayeiharibu.

*Weusi wenye matope.* Umepandisha vivuli kwa 60 au 80, chembechembe za rangi zikajitokeza, ukazifuta, ukuta ukawa sabuni. Vivuli visipande zaidi ya 20. Ukihitaji zaidi, ulipaswa kupiga kwa mwanga zaidi: tazama histogramu (mchoro unaoonyesha giza kushoto na mwanga kulia) ukiwa bado kule, na usiache lundo lote ligande ukingo wa kushoto. Piga kwa mwanga wa kutosha, giza ulitie baadaye. Giza lililotiwa kwa kushusha ni safi, lililookolewa kwa kupandisha ni chafu.

*Ukuta unaonekana kama umechongwa kwa plastiki.* Klariti, kitelezi cha kukoleza mikwaruzo na matundu ya uso wa kitu, imezidi. Jiwe la matumbawe lina matundu ya kutosha. 10 hadi 15 inatosha, na mahali penye lipu laini ishushe hadi -10. Kitelezi cha kuondoa ukungu kinavutia zaidi kikienda upande wa hasi, -5 hadi -10, tena kwa barakoa kwenye sehemu za mbali tu. Kina kinaongezeka papo hapo.

*Duara jeusi pembeni linaonekana kabla ya jengo.* Futa vineti ya programu. Badala yake paka giza kwa brashi pale ambapo giza lingekuwepo kweli: kona za juu, chini ya ngazi, nyuma ya nguzo. Brashi laini, mtiririko wa asilimia 10, stopu nusu kila mpako, na uache upande mmoja wa fremu bila kuguswa. Giza lisilolingana pande zote ndilo linaloaminika.

*Picha nzima nyeusi lakini haina uzito.* Haina mahali peupe. Jicho halijui weusi bila kitu cha kulinganisha. Hakikisha kuna eneo moja dogo, ukingo wa mlango au mwale sakafuni, linalofika karibu na weupe kamili. Kisha kwenye mchoro wa toni (ule mstari wa kupanga weusi hadi weupe) pandisha nukta ya chini kabisa kidogo, kama asilimia 3 hadi 5, ili weusi uwe wa makaa na si wa lami.

*Mistari kwenye anga ya magharibi.* Ulihariri JPEG ya biti 8, yenye ngazi chache za rangi. Rudi kwenye RAW, fanya kazi kwa biti 16, na ongeza chembe za filamu 10 hadi 15 mwishoni. Chembe hizo huivunja mistari.

Mfuatano tunaoushauri ni huu: nyoosha na ukate, mizani ya weupe, sehemu angavu, vivuli, rangi moja moja, brashi ya giza, chembe, kunoa. Ukianza na rangi kabla ya kukata, unahariri vitu utakavyovitupa. Ukimaliza, iache hadi kesho yake. Asubuhi karibu kila mara utairudishia theluthi moja ya kile ulichofanya.

Dalili: kwako ni nzuri, kwa mwenzako ni karatasi nyeusi

Ulihariri usiku, skrini ikiwa kwenye mwangaza wa juu kabisa. Weka mwangaza wa skrini katikati, washa taa ya chumba, zima ile hali ya usiku inayoipaka skrini umanjano. Toa picha kwa sRGB (mpangilio wa rangi wa skrini za kawaida), JPEG ya ubora wa 85 hadi 90, upande mrefu pikseli 2048. Kwa WhatsApp itume kama hati. Ukiituma kama picha inabanwa, na kinachoharibika kwanza ni vivuli, vinakuwa miraba. Kisha mkabidhi mtu simu ya kawaida, akiwa amekaa barazani kivulini, bila kumwambia kuna nini. Akiipandisha skrini mwangaza ili aone, ongeza robo stopu na umtumie tena.